Kumwongoza Farasi Mwenye Nguvu na Papara Wakati wa Kuruka Viunzi

Farasi wengi wanaorukishwa viunzi katika mashamba ya Njoro, Molo, Rongai na Gilgil, kaunti ya Nakuru, hawakuanza maisha kwa kazi hiyo. Baadhi yao walistaafishwa kutoka mashindano ya mbio ya uwanja wa Ngong jijini Nairobi, na wengine wametoka katika polo, ambayo huchezwa Gilgil. Farasi wa mbio huzoezwa tangu udogoni kwamba mpandaji anapokaza hatamu na kuzishikilia, anamwambia aegemee mkono na aongeze mwendo. Basi mpandaji mpya anapokiona kiunzi kinakaribia, akaingiwa na hofu ya kasi na kuvuta kwa mikono miwili, farasi huelewa kinyume kabisa cha alichokusudiwa. Wote wawili hufika kwenye kiunzi wakiwa wanavutana, na kadiri mmoja anavyozidisha nguvu ndivyo mwenzake anavyojibu kwa nguvu zaidi.

Mwongozo huu unamhusu mpandaji anayeweza kukaa imara katika kanta (mwendo wa kasi ya wastani, chini ya shoti) na kuruka viunzi vidogo kwa farasi mtulivu, ila sasa amekabidhiwa farasi anayevuta mdomo, anayekurupuka mbele ya kiunzi na anayeondoka kwa shoti baada ya kutua. Kazi yote ifanyike kukiwa na mwalimu au msaidizi anayeelewa viunzi, kwa sababu mpandaji aliye juu hawezi kushuka kila mara kupanga miti, na akianguka akiwa peke yake hakuna wa kumwinua.

1. Ondoa kwanza shaka ya maumivu

Papara mbele ya kiunzi mara nyingi ni jitihada ya farasi kukikimbia kitu kinachomuuma. Kabla ya kumpa jina la mkorofi, msimamishe mahali tambarare na upitishe ncha za vidole, kwa mgandamizo wa wastani, kutoka nyuma ya kinundu cha mabega hadi kiunoni, vidole vya mkono mmoja vikiwa kila upande wa uti wa mgongo. Farasi asiye na tatizo husogeza misuli kidogo tu na kuendelea kutafuna. Mwenye maumivu huuzamisha mgongo ghafla, hulaza masikio nyuma, hupiga mkia au hugeuka kukutazama mkono. Ukiona hivyo, acha viunzi hadi daktari wa mifugo amtazame.

Tandiko lichunguzwe pia. Ulivuapo baada ya mazoezi, tazama alama za jasho mgongoni. Doa dogo lililobaki kavu katikati ya sehemu iliyolowa huweza kuonyesha mahali panapobanwa. Meno nayo hayasubiri. Magego ya juu ya farasi huota kingo kali upande wa shavu, na kingo hizo huchubua nyama kila lijamu, yaani chuma cha mdomoni, linapovutwa, huku farasi wengine wakiwa na jino dogo mbele ya magego linalogongwa na chuma moja kwa moja. Ukaguzi wa meno ufanywe angalau mara moja kwa mwaka. Kwa farasi aliyetoka kwenye mbio, mwulize daktari kuhusu vidonda vya tumbo, kwani ni ugonjwa wa kawaida sana kwa farasi wa aina hiyo, na mkanda wa tumbo unapokazwa humfanya awe mkali hata kabla hujampanda.

2. Chakula, malisho na saa za kusimama bandani

Nakuru mjini ni kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, Njoro ni zaidi ya mita 2,100 na Molo hukaribia mita 2,500. Asubuhi za huko ni za baridi, na baridi huwachangamsha farasi. Ukiongeza juu yake nafaka nyingi na usiku mzima wa kufungiwa, utakuwa umempanda mnyama ambaye hana pa kuipeleka nguvu yake isipokuwa mikononi mwako.

Kufungiwa huko kuna sababu nzuri. Ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika (African horse sickness) huenezwa na visubi wanaouma hasa kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, kwa hiyo wafugaji wengi huingiza farasi bandani mapema jioni, hasa wakati na baada ya mvua. Jambo hilo lisiachwe. Kinachotakiwa ni kuzifidia saa hizo za kufungiwa: mtoe malishoni asubuhi mara jua likishachomoza vizuri, umwache atembee na kujinyoosha kwa saa mbili au tatu, ndipo umtandike. Vivyo hivyo, farasi anayerudi kazini baada ya mapumziko, yakiwemo yale anayopewa akishachanjwa, aanzishwe kwa kutembea na troti (mwendo wa mchakamchaka, kati ya kutembea na kanta) kabla ya kuonyeshwa kiunzi chochote.

Kuhusu chakula, punguza mahindi, shayiri na oti, wala usipunguze nyasi. Farasi wa kilo 450 anahitaji angalau kilo 7 hivi za malisho makavu kwa siku, na nyasi kavu za boma rhodes, nzuri, zisizo na vumbi wala ukungu, huwatosha wengi wanaofanya kazi nyepesi. Mpe konzi mbili tatu za nyasi kabla ya mazoezi, kwani tumbo tupu linapotikiswa kwa kanta, asidi hurukia sehemu yake ya juu isiyo na kinga. Na umsikilize saisi, mtunza farasi. Yeye ndiye anayemwona farasi alfajiri kabla ya mtu mwingine, na akikuambia, "Dada, huyu leo ana moto, usianze na miti," ameshakupa nusu ya mpango wa siku.

3. Vifaa

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya moto ni moto, kwa hiyo farasi akivuta tu wanatafuta lijamu kali zaidi. Lijamu kali huweza kukupa breki kwa wiki moja au mbili. Baada ya hapo farasi hujifunza ama kurusha kichwa juu na kuukwepa uchungu, ama kukunja kidevu kifuani na kuendelea kukimbia vilevile, na sasa unakuwa na tatizo la pili juu ya la kwanza. Maoni yangu ni kwamba lijamu libadilishwe mwisho, baada ya kila kitu kingine kujaribiwa, tena kwa ushauri wa mwalimu mwenye mkono mwepesi.

Kifaa ninachokithamini zaidi ni kile cha bei ndogo kuliko vyote: mkanda wa ngozi unaovaliwa shingoni mwa farasi. Wakati wa kuruka, ingiza kidole kimoja kila upande chini ya mkanda huo, ili farasi anapojinyoosha ghafla usimkwanyue mdomo. Farasi anayeadhibiwa mdomoni kila anaporuka hujifunza kwamba kiunzi kinauma, na ndipo anapokikimbilia ili kimalizike upesi.

Martingeli ya pete, yaani mkanda utokao kifuani wenye pete mbili zinazopitisha hatamu, inaruhusiwa, mradi isiguse hatamu farasi anapobeba kichwa kwa kawaida. Ifanye kazi pale tu anapokirusha. Usimfunge kichwa chini kwa kamba yoyote wakati wa kuruka. Farasi hana uwezo wa kuona kilicho mbele kabisa ya paji la uso wake, na huinua kichwa ili apime kiunzi. Akizuiwa, hupima kwa kubahatisha. Wewe mwenyewe vaa kofia ngumu yenye mkanda uliokazwa kidevuni, fulana ya kinga na viatu vyenye kisigino.

4. Kazi ya uwanja mtupu

Hapa ndipo farasi wa namna hii anapotengenezwa, na hapa ndipo watu wengi hawapendi kukaa. Lengo ni kumfundisha jambo ambalo hakuwahi kufundishwa: kwamba mguso wa hatamu ni swali fupi, wala si kitu cha kuegemea.

Anza kwa kushika na kuachia. Ukiwa katika troti, keti wima, kaza mgongo na mapaja kana kwamba unataka kusimama, funga vidole juu ya hatamu kwa muda wa hatua moja, kisha vifungue. Kufungua ndiko kunakofanya kazi. Farasi anaweza kuegemea mkono uliokazwa mchana kutwa bila kuchoka, lakini mkono ulioachia hauegemeki. Asipojibu, rudia, tena na tena, kwa vipindi vifupi, wala usiruhusu vuta moja ndefu iingie kati yake.

Mzungushe kwenye duara la mita 20. Baada ya kila hatua kumi au kumi na mbili badilisha kitu: troti iwe mwendo wa kawaida (wa kutembea), mwendo wa kawaida uwe troti, duara ligeuzwe upande wa pili. Farasi mwenye papara hupenda kujua mapema anachofanya ili awahi kukifanya. Mabadiliko ya mara kwa mara humlazimisha kukusubiri. Weka miguu yako karibu na mbavu zake. Wapandaji wengi huitanua miguu mbali wakidhani kwamba wakimgusa ataruka, na matokeo yake, siku mguu unapomgusa kwa bahati mbaya mbele ya kiunzi, hushtuka kama aliyechomwa. Mguso laini wa kudumu unapaswa kuwa jambo la kawaida kwake.

Kisha nenda kwenye kanta, ukipita upande mrefu wa uwanja, na umrudishe kwenye mwendo wa kawaida kabla ya kona. Kipimo changu ni hiki: kama huwezi kumtoa kwenye kanta hadi mwendo wa kawaida ndani ya mita 10 hivi uwanja ukiwa mtupu, basi bado hamjafika siku ya kiunzi, hata kama jana aliruka mita moja bila kugusa. Pumua kwa sauti, au hesabu hatua zake: moja, mbili, moja, mbili. Mpandaji anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na pumzi iliyobanwa hukaza mgongo wa aliye juu na wa aliye chini.

5. Mti mmoja ardhini

Laza mti mmoja chini, popote pale, na uendelee na kazi ya duara kana kwamba haupo. Upite juu yake kwa mwendo wa kawaida, kisha kwa troti, kutoka pande zote mbili. Akiukimbilia, usimgombeze, endelea na duara, upite kandokando mara kadhaa, urudi juu yake atakapolegea. Baadaye tumia miti mitatu au minne yenye nafasi ya mita 1.3 hivi kwa troti. Epuka miti miwili peke yake, kwa kuwa farasi mwenye haraka huiona kama kitu kimoja kipana na kuiruka yote kwa mpigo.

6. Kiunzi cha kwanza kwa troti

Jenga kiunzi cha miti miwili iliyopishana kama herufi X, katikati yake pawe sentimita 40 au 50. Weka mti ardhini mita 2.4 hadi 2.7 kabla yake, upande wa kuingilia. Mti huo humwonyesha farasi mahali pa kurukia, humfanya atazame chini, na hukuondolea wewe kishawishi cha kumpangia. Weka mwingine kama mita 3 baada ya kiunzi, ili atue akiwa anaangalia miguu yake badala ya upeo wa macho.

Usimpeleke kutoka mbali kwa mstari mrefu. Mstari mrefu ni mwaliko wa mbio. Kaa kwenye duara karibu na kiunzi, katika troti ya polepole, na utakapoona shingo imelegea na hatamu nyepesi, tanua duara kidogo ili kiunzi kiwe njiani, hatua tano au sita tu mbele yenu. Akibaki na mwendo uleule, mwache aruke. Akianza kukazana, endelea na duara na umwache apite kandokando ya kiunzi, kisha mrudie.

Kuna sharti moja katika kugeuka huko, nalo ni zito. Uamuzi ufanywe mapema, angalau hatua nne au tano kabla ya kiunzi. Ndani ya hatua tatu za mwisho umeshaahidi, na hata akikurupuka lazima aruke. Mpandaji anayegeuza farasi dakika ya mwisho humfundisha kukwepa viunzi, na kumrekebisha farasi anayekwepa ni kazi ngumu kuliko kumtuliza anayekimbilia.

Katika hatua hizo za mwisho usifanye kitu. Kaa wima, kisigino chini, macho juu ya kiunzi na mbali zaidi. Anayeinama mbele mapema hupeleka uzito kwenye mabega ya farasi, na farasi wa mbio akihisi uzito huo mbele hujua saa ya kukimbia imefika. Subiri akuinue mwenyewe. Ngoja hadi aruke mara kadhaa kwa troti ileile aliyoingia nayo ndipo ufikirie kanta, na siku ya kwanza ya mafanikio hayo ikomee hapo.

7. Mfululizo wa viunzi

Mfululizo uliopangwa kwa vipimo sahihi hufundisha kuliko mpandaji, kwa sababu farasi hulazimika kufikiria miguu yake na hukosa nafasi ya kuongeza kasi. Kwa kuingia na troti, panga hivi: mti wa ardhini, mita 2.5 kisha X, mita 5.5 kisha kiunzi cha pili kilichonyooka, na baadaye mita 6.2 kisha cha tatu. Katika kila nafasi kati ya viunzi farasi hupiga hatua moja ya kanta. Jenga kimoja kimoja, vingine vikiwa bado miti iliyolazwa, na uongeze urefu mwisho wa yote. Farasi mfupi au mwenye hatua fupi apunguziwe sentimita 15 hadi 30, na msaidizi aliye chini atazame mahali anapotua kabla ya kubadilisha chochote.

Usibane nafasi ili kumlazimisha apunguze mwendo. Farasi mwenye nguvu anayeingia kwa kasi mahali pafupi hukosa nafasi ya kukunja miguu ya mbele, na ajali za namna hiyo ni mbaya. Kama anayumba kushoto au kulia, laza mti mmoja uegemee kiunzi kila upande ili kutengeneza mlango. Unyoofu hupunguza kasi kwa namna ambayo hatamu haziwezi.

8. Hatua baada ya kutua

Wapandaji hufikiria sana njia ya kuingia na kusahau kutoka, ilhali farasi wengi hupata moto wao baada ya kutua. Panga kabla ya kuruka unakokwenda. Mara ya kwanza tua, inuka wima mara moja, shika na kuachia, na usimame kwa mstari mnyoofu kabla ya kona. Mara ya pili geuka duara kulia, ya tatu kushoto. Ukimsimamisha kila mara mahali palepale atajisimamisha kwa ghafla, kwa hiyo changanya. Msifu anaposimama, mguse shingo, mpe hatamu ndefu apumue.

9. Akikimbia nawe

Ikitokea amekutoka kabisa, kuvuta kwa mikono yote miwili bila kuachia ni kumpa kitu cha kuegemea. Keti nyuma, kisigino mbele kidogo. Bonyeza mkono mmoja, ukiwa na hatamu fupi, juu ya shingo mbele ya tandiko ili uwe nguzo, kisha uvute kwa mkono wa pili kuelekea juu na nyuma, na uachie. Rudia hadi akusikie. Kama una nafasi pana, mwingize kwenye duara kubwa na ulipunguze kidogo kidogo. Usimgeuze kwa ghafla akiwa kwenye shoti, hasa penye nyasi zilizolowa, kwani atateleza na kuanguka nawe. Vumbi la volkano la viwanja vya Nakuru mwezi wa Januari na Februari nalo hukatika chini ya kwato kwenye kona kali, kwa hiyo nyunyiza maji kabla ya mazoezi.

10. Siku ya mashindano

Fika mapema ili atembezwe kwa mkono, asikie vipaza sauti na kuona bendera na mahema akiwa hana mzigo. Mazoezi ya kupasha mwili yawe mengi ya duara na machache ya kuruka. Viunzi sita au saba vinatosha. Farasi mwenye moto anayerukishwa mara thelathini nje ya uwanja huingia ndani akiwa amechemka badala ya kuchoka.

Kumbuka kwamba duara uliloliegemea wakati wa mazoezi halipatikani tena hapo. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la farasi, FEI, kuzunguka duara kati ya viunzi huhesabiwa kuwa ukaidi, na adhabu yake ni pointi 4, sawa na kuangusha mti; ukaidi wa pili humwondoa mshindani. Ndiyo maana hatua ya 4 haiwezi kurukwa: kitakachobaki mkononi mwako ni kushika na kuachia, pamoja na kona. Unapokagua njia kwa miguu, tafuta kona zinazokuruhusu kupita mbali kidogo na kurudi kwa utulivu, na umbali ambapo unaweza kuongeza hatua moja kwa hiari yako. Kengele ikilia una sekunde 45 za kuanza. Zitumie kwa troti, upite karibu na kiunzi kinachotisha, usimame mara moja kabisa, kisha uanze kanta ukiwa tayari umegeukia mstari wa kuanzia, ili asipate nafasi ya kuzunguka uwanja kwa mbio.

Mkimaliza, legeza mkanda wa tumbo tundu moja au mawili na mtembeze hadi pumzi itulie, huku akipewa maji. Mapigo ya moyo wa farasi aliyepumzika huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Yakiwa bado juu sana baada ya nusu saa ya kutembea, ametumika kupita kiasi na raundi ya pili iachwe. Pitisha mkono kwenye kano za miguu ya mbele kutafuta joto au uvimbe, na kesho yake umtoe kwa matembezi ya hatamu ndefu barabara ya shambani, mahali pasipo na mti wa kuruka.